Sura ya Nne: Wakinicheka Mbele za Watu, Nabaki na Nini?

Mama aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto huliuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada. Kijana mwenye ualbino huliuliza kwa hasira. Msichana wa kidato cha pili haliulizi kabisa. Anaacha tu kwenda kuchota maji saa ambayo wenzake wapo. Maneno hutofautiana, lakini swali ni lile lile: watu wakinicheka mbele za watu, nabaki na nini?

Tumezoea kujibu haraka. "Usiwasikilize." "Jikaze." "Mungu atakuinua, nao wataaibika." Jibu la kwanza haliwezekani, kwa sababu mtu hachagui kutosikia. La pili humwacha aliyechekwa abebe mzigo wake peke yake. La tatu ndilo linaloshangiliwa sana kwenye mikutano ya injili, nami naliona ndilo baya kuliko yote. Linamwambia mtu kwamba thamani yake itafika siku atakapopata mtoto, mume, kazi au nyumba ya kuwaonyesha waliomcheka. Maana yake, mpaka siku hiyo, waliomcheka walikuwa sahihi.

Ninachotaka kukionyesha katika sura hii ni kimoja. Maandiko humrudishia mtu heshima yake kwanza, kabla lile linalochekwa halijabadilika, na mara nyingine bila lile kubadilika kabisa. Nitavisoma visa vya Biblia nikiwa na mkoa mmoja akilini: Singida, nchi ya alizeti, vitunguu na asali, yenye mawe makubwa yaliyobebana na ziwa Singidani pembeni mwa mji. Ni nchi ya watu wakarimu na wachapakazi. Ni nchi pia ambayo wasichana wengi wameijua dhihaka wakiwa bado wadogo.

Utani ni jambo jingine

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wenye kudhihaki hupenda kuyachanganya. Sisi tuna utani wa makabila, ule uhusiano wa jadi unaowapa watu wa makabila jirani ruhusa ya kusemana bila kukasirikiana. Mtani atakuambia kwenu mnakula sana na hamlimi. Utamrudishia lako, mtacheka wote. Ukifiwa, mtani huyo huyo atakuja msibani kufanya vituko vyake, atawachekesha wafiwa waliokuwa wanalia, na atashika jembe kama ndugu. Utani huenda na kurudi, wote wawili wana haki sawa ya kusema, na ndani yake kuna wajibu wa kufaana.

Dhihaka huenda upande mmoja tu. Anayechekwa hana ruhusa ya kujibu, na akikasirika huambiwa hajui utani. Dhihaka humchukua mtu mzima, mwenye jina na ukoo, mwenye mikono inayojua kazi, ikamfanya kuwa kitu kimoja: tumbo, ngozi, mguu, kigugumizi. Na daima hutaka watazamaji. Tusi linaweza kutolewa na mtu mmoja kwa mwenzake gizani likaisha hapo, lakini dhihaka bila watu wa kucheka haina nguvu.

Wala isichukuliwe kuwa jambo dogo. Watu wenye ualbino nchini mwetu walichekwa kwa vizazi, wakaitwa majina ya kuwatoa katika hesabu ya binadamu. Mauaji na kukatwa viungo kulikoripotiwa kwa wingi kuanzia mwaka 2007, hasa Kanda ya Ziwa, hakukuanzia kwenye panga. Kulianzia kwenye maneno yaliyozoeleka mpaka yakaonekana ya kawaida. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 Salum Khalfan Barwany akachaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni Tanzania kwa kura za jimbo. Niliifurahia habari hiyo. Lakini nasisitiza: hawakuanza kuwa watu siku walipoapishwa. Mtoto mwenye ualbino ambaye hatakuwa mbunge kamwe, atakayeuza nyanya sokoni maisha yake yote, ana heshima ile ile.

Kicheko kinachomsubiri binti

Sasa twende Singida vijijini, Ikungi, Mkalama, Iramba, Manyoni. Huko, kama ilivyo katika mikoa jirani ya Dodoma, Manyara na Arusha, umekuwepo kwa muda mrefu ukeketaji, yaani kukata sehemu ya viungo vya nje vya uzazi vya msichana au mwanamke pasipo sababu yoyote ya tiba. Baadhi ya familia hufanya hivyo kama mila ya kumtambua binti kuwa amekua. Wengine hufanya kwa hofu ya kile wanachokiita lawalawa, vipele na maambukizi ya sehemu za siri za mtoto wa kike, ambayo huaminika kuwa ni mizimu inadai mila yake na kwamba dawa yake ni kukata. Mtoa huduma wa zahanati hutibu maambukizi hayo kwa usafi na dawa za kawaida.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na kifungo chake huanzia miaka 5. Sheria imesaidia, ila pia imelisukuma jambo lenyewe mafichoni. Kuna familia zimeacha sherehe na ngoma, zikahamia kwa watoto wachanga ambao hawawezi kusimulia.

Lakini sheria haijui kushughulika na kicheko. Tuseme kuna binti ambaye wazazi wake walikataa akeketwe. Hakuna aliyempiga. Ila kisimani wenzake wananong'ona anapofika. Anaambiwa yeye bado mtoto, ni mchafu, hatapata mume wa maana. Akiolewa, huenda mawifi wakalifufua jambo lile lile siku ya kugombania chungu. Wapo wanawake waliokubali kukatwa wakiwa watu wazima, au kwenye kujifungua, kwa kuchoka tu kuchekwa. Hakuna panga lililowalazimisha. Kicheko kilitosha.

Hapa takwimu zina neno la kumwambia binti huyu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba mkoani Singida wanawake 31 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 20 katika kila 100. Hata tukikubali kwamba baadhi huficha kwa kuogopa sheria, walio wengi mkoani hawakukeketwa. Binti anadhani "watu wote" wanamcheka, kumbe wenye kucheka ni wachache waliozoea kusema kwa niaba ya wote, na wengi walio kama yeye wamenyamaza kwa sababu kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Na kuna kicheko cha upande wa pili ambacho ni lazima nikitaje. Katika juhudi za kupinga ukeketaji, wapo wanaozungumza juu ya wanawake waliokeketwa kana kwamba ni vyombo vilivyovunjika. Wanasema hadharani, kwa kipaza sauti, kwamba hawajui raha ya ndoa, kwamba wamepungukiwa. Mama aliyekatwa akiwa na wiki tatu ameketi pale kwenye benchi anasikiliza. Huyo naye amechekwa mbele za watu, na waliomcheka ni wale waliokuja kumtetea.

*Kwa ufupi: dhihaka humpunguza mtu mpaka abaki kitu kimoja, tena mbele ya watazamaji. Singida anachekwa asiyekeketwa kwa kutokatwa, na aliyekeketwa kwa kukatwa. Kama thamani ya mwanamke inategemea hali ya mwili wake, hakuna mwanamke atakayesalimika.*

Hana mbele ya mgawo wa nyama

Kisa cha Hana kiko mwanzoni kabisa mwa kitabu cha kwanza cha Samweli. Kinasomwa sana kwa akina mama wanaotafuta mtoto, na kwa kawaida tunakimbilia mwisho wake, Samweli anapozaliwa. Nakuomba usikimbie.

Elkana alikuwa na wake wawili. Penina alikuwa na watoto, Hana hakuwa nao. Kila mwaka familia ilikwea kwenda Shilo kumtolea Mungu dhabihu, na baada ya dhabihu nyama iligawanywa. Penina alipewa mafungu yake na ya watoto wake, wa kiume na wa kike. Kwa Hana fungu lilikuwa la mtu mmoja, hata kama Elkana alilinenepesha kwa mapenzi. Kila fungu lililopita mbele ya Hana lilikuwa hesabu ya kile asichokuwa nacho. Na hapo ndipo Penina alipomchokoza. Mwandishi anasema ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka, kila walipokwenda nyumbani kwa Bwana. Yeyote aliyewahi kurudi kwao Desemba, ukoo mzima umekusanyika, kuku wanachinjwa, na shangazi anauliza mbele ya wote "Na wewe vipi, lini?", anaijua meza ile. Dhihaka hupenda sikukuu.

Watu watatu walimkosea Hana siku ile, kila mmoja kwa namna yake. Penina alimcheka. Elkana alimpenda kweli, lakini alimuuliza maswali mfululizo bila kungoja jibu, kisha akajitoa yeye mwenyewe kuwa fidia: je, mimi si bora kwako kuliko wana kumi? Wako wanaume wema wengi wanaofanya hivyo, wanataka machozi yakome upesi kwa sababu yanawaumiza wao. Wa tatu ni Eli, kuhani. Aliona midomo ya Hana ikitikisika bila sauti, akamdhania amelewa, akamkemea. Nyumbani anachekwa, kwa mume haeleweki, na mahali pa ibada anashukiwa.

Ndipo Hana anamjibu Eli. Ukiisoma sura yote, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa mwanadamu yeyote. Kabla ya hapo amelia na kuomba tu. Anamwambia kwa adabu kabisa: hapana, bwana wangu. Anaeleza kwamba hajanywa kitu, kwamba amekuwa akiimimina roho yake mbele za Mungu, na anamwomba asimhesabu kuwa mwanamke wa hovyo. Mtu aliyechekwa kwa miaka bado anajua kuwa yeye si wa hovyo, na anamwambia hivyo mtu mwenye cheo, akiwa na macho mekundu, bila kutukana. Ujasiri wa namna hiyo haukupatikana kwa kupewa mtoto, kwa kuwa mtoto alikuwa hajapatikana.

Eli akabadilika. Akambariki, akamwambia aende kwa amani. Sasa tazama mfuatano. Hana akaenda zake. Akala chakula. Uso wake haukuwa na huzuni tena. Kesho yake asubuhi wakaabudu, wakasafiri kurudi Rama. Mimba inatajwa baada ya hayo yote. Uso ulibadilika kwanza. Alirudi kwenye meza ile ile, Penina yupo pale pale na watoto wake, hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari ya jambo jipya, na Hana akala.

"Lakini yeye alimpata Samweli"

Msomaji makini atapinga: ni rahisi kusema hivyo kuhusu mtu ambaye hatimaye alijibiwa. Vipi sisi ambao hatukupata, au ambao kilichokatwa hakitarudi?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halimo katika kisa cha Hana. Limo katika Isaya sura ya 56, kifungu ambacho sikisikii sana kwenye mahubiri, nami natamani kila mwanamke wa Singida akifahamu. Kinazungumza na towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa. Wengi wao walihasiwa wakiwa wadogo au watumwa, kwa uamuzi wa watu wengine, ili watumike katika nyumba za wafalme. Sheria ya zamani katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23 ilikuwa imewazuia kuingia katika kusanyiko la Mungu. Kwa hiyo towashi alibeba jeraha alilotendewa, kisha akafungiwa mlango kwa sababu ya jeraha hilo hilo. Watu walimwita mti mkavu, naye akajifunza kujiita hivyo.

Kupitia Isaya, Mungu anamkataza kujiita jina hilo. Anamwahidi mahali ndani ya nyumba yake, ndani ya kuta zake, na jina litakalomfaa kuliko kuwa na wana na mabinti, jina lisilofutika. Haahidi kuurudisha mwili ulivyokuwa, wala hamwambii towashi asubiri mpaka azae. Mwili unabaki ulivyo, jina linabadilika, mlango unafunguliwa.

Mama uliyekatwa ukiwa mchanga, bila kuulizwa, kifungu hicho ni chako. Hukufanya kosa, hukupungukiwa utu. Na binti uliyeitwa mchafu kwa kutokatwa, nacho ni chako vilevile, kwa sababu anayetoa majina katika nyumba ile haangalii kile ambacho kijiji kinaangalia.

Maneno ya walevi katika kitabu cha sala

Zaburi hazioni haya kutaja dhihaka kwa undani. Katika ya 69 mtunzi analalamika kwamba waketio langoni, mahali wazee walipokaa kuamua kesi, wanamjadili, na walevi wamemtungia nyimbo. Aliyewahi kusikia jina lake likiimbwa kilabuni jioni anaelewa. Katika ya 22 anajiona mdudu, si mtu. Wanaomwona wanatikisa vichwa. Katikati ya malalamiko hayo anamkumbusha Mungu jambo moja: kwamba ni yeye aliyemtoa tumboni mwa mama yake na kumpa kutulia kifuani pake. Anarudi nyuma mpaka siku ambayo wachekaji hawakuwa wamemjua. Injili ya Marko na ya Mathayo zinasema mwanzo wa zaburi hiyo ndio Yesu alioupaza msalabani, wakati wapita njia wakimcheka.

Nani abaki chumbani

Marko sura ya 5 ina wanawake wawili katika kisa kimoja, na Yesu anawatendea kinyume kabisa.

Wa kwanza ametokwa damu miaka 12. Ametumia mali yake yote kwa waganga na hali imezidi kuwa mbaya. Kwa sheria ya usafi ya wakati ule, kila alicholalia au kukikalia kilihesabiwa kuwa najisi. Anajipenyeza katika umati, anagusa vazi la Yesu kwa siri, anapona. Angeweza kuondoka kimya, na pengine ndivyo alivyotaka. Yesu anasimama. Yairo, mkuu wa sinagogi aliyekuja kumwomba msaada, yupo pembeni, binti yake wa miaka 12 anakufa, kila dakika ina thamani, na Yesu anasimama kuuliza nani amemgusa. Wanafunzi wanaona swali halina maana. Lakini mwanamke huyu alikuwa ametengwa mbele ya watu kwa miaka 12. Kama angepona kisirisiri, nani angejua kwamba hatengwi tena? Anakuja akitetemeka, anasema kweli yote, na mbele ya umati ule ule anaitwa binti. Anapewa ukoo hadharani, kwa kuwa hadharani ndipo alipoporwa.

Kisha wanafika kwa Yairo. Mtoto amekufa, waombolezaji wanalia kwa sauti. Yesu anasema mtoto amelala, na mara moja kilio kinageuka kicheko. Marko anasema wazi kwamba walimcheka. Yesu hakujadiliana nao. Aliwatoa wote nje, akamchukua baba, mama, na wanafunzi wake watatu, akaingia alikokuwa mtoto. Akamshika mkono, naye mtoto akainuka. Akaagiza apewe chakula. Na akawakataza sana watu wasipewe habari ile.

Mmoja aliletwa mbele ya watu, mwingine alifungiwa mlango watu wasimwone. Kupambanua nani anahitaji lipi ni kazi ya hekima, na makanisani tunaikosea sana. Tunamwita msichana aliyedhalilishwa aje madhabahuni "atoe ushuhuda" wakati bado jeraha ni bichi, kwa sababu ushuhuda unapendeza masikioni. Napinga jambo hilo kwa nguvu zangu zote. Msichana huyo bado yuko katika chumba cha Yairo. Wenye kucheka watolewe nje, wabaki wachache wanaompenda, na apewe chakula. Siku ya kusimama mbele ya watu aichague mwenyewe, na asipoichagua hajapungukiwa imani.

Alama mwilini

Jambo la kutaka alama ya mwilini ili mtu ahesabiwe kamili si geni katika Biblia. Katika makanisa ya Galatia, waumini wapya walikuwa wakiambiwa kwamba kumwamini Kristo hakutoshi. Wanaume watahiriwe ndipo watakuwa watu kamili wa Mungu. Mtume Paulo, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametahiriwa, aliandika barua kali kuliko zake zote. Hitimisho lake ni kwamba kutahiriwa hakuongezi kitu, na kutotahiriwa hakuongezi kitu. Kilicho na uzito ni uumbaji mpya. Angalia kwamba alizifungia njia pande zote mbili. Aliyetahiriwa asijivune, asiyetahiriwa naye asijivune.

Na liwekwe wazi, kwa kuwa wapo wanaopotosha. Agano la tohara katika Mwanzo sura ya 17 liliagizwa kwa wanaume. Hakuna mstari hata mmoja katika Biblia unaoagiza kumkata mtoto wa kike. Katika Kurani pia hakuna aya inayoagiza hivyo. Nasema hili kwa sababu Singida Wakristo na Waislamu huishi ua mmoja, mara nyingi ndugu wa tumbo moja, na mila ikitafuta pa kujifichia hukimbilia dini iliyo karibu.

Kurani ina mengi ya kusema kuhusu dhihaka yenyewe. Sura ya 49, aya ya 11, inakataza watu kuwadharau wengine kwa kuwa huenda wanaochekwa ni bora kuliko wanaocheka, kisha inawataja wanawake kwa wanawake peke yao, na inakataza kubandikana majina mabaya. Mwislamu anayemtetea binti kisimani kwa aya hiyo yuko kwenye njia ile ile ninayoieleza hapa.

Wiki hii ufanye nini

Maneno haya yakiishia kitabuni hayatakusaidia. Nakupa machache ya kuanzia.

1. Yaseme mbele za Mungu maneno yenyewe waliyokuita, bila kuyapamba. Waandishi wa zaburi walifanya hivyo. Sala inayosema tu "nina changamoto" haimimini roho.

2. Kama umetishiwa kukeketwa, kupigwa au kutolewa shule, usiishie kwenye maombi. Nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya kitaifa ya kusaidia watoto. Mungu aliyemwinua Nehemia kujenga ukuta wa Yerusalemu huku wapinzani wake Sanbalati na Tobia wakimcheka kwamba hata mbweha angeubomoa, alimwacha pia aweke walinzi.

3. Picha au video yako ya kudhalilisha ikisambazwa kwenye makundi ya simu, usiifute kwanza. Ihifadhi, andika imetoka namba ipi na lini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakulinda.

4. Tafuta mtu mmoja anayeweza kukusikiliza bila kukufanyia alichofanya Elkana. Mtu asiyeharakisha kukupa jibu. Huenda ni bibi, huenda ni mwalimu wa kike, huenda ni mwenzako ambaye naye hachoti maji saa ile.

Na kuna kisa kimoja ambacho nakuomba usikiguse wakati huu, kile cha Elisha na vijana waliomcheka upara, katika 2 Wafalme sura ya 2, ambapo dubu wawili walirarua vijana 42. Hupendwa sana na wenye hasira. Ni kifungu kigumu, na mtu aliyejeruhiwa akikishika hukigeuza kuwa laana ya kuwatakia jirani zake.

Kama aliyecheka ni mimi

Nimezungumza na waliochekwa, lakini najua kitabu hiki kitasomwa pia na waliocheka, na kwamba mara nyingi ni watu wale wale. Hajiri, mjakazi wa Sara, aliteswa mpaka akakimbilia jangwani, na huko akakutana na Mungu akamtambua kuwa ni Mungu anayemwona. Tunampenda kwa hilo. Lakini mwanzo wa sura hiyo, Mwanzo ya 16, unaeleza kwamba Hajiri alipojiona ana mimba, alianza yeye kumdharau bibi yake aliyekuwa tasa. Aliyekuwa chini alipata kitu kimoja ambacho mwenzake hana, akakitumia. Wifi anayemsema leo shemeji yake pengine alisemwa yeye miaka kumi iliyopita.

Aliye kwenye hali hiyo amtazame Eli. Alimkosea Hana kwa neno zito, pale mlangoni pa hekalu, akiwa ameketi kwenye kiti chake cha ukuhani. Alipoelezwa, hakujitetea kwamba wanawake wa siku hizi wanakunywa sana. Hakungoja mpaka kesho wala hakumtuma mtu. Alimbariki papo hapo, kwa kinywa kile kile. Wewe uliyemcheka mwenzako kisimani, ukiomba radhi kwa ujumbe wa simu usiku, umemwachia aibu yake pale pale ulipoiweka. Nenda kisimani saa ambayo wote wapo, mwite kwa jina lake, useme ulikosea, kisha msaidie kujitwika ndoo.